Sahihi ya Kumi

Baba yangu alikuwa na wadhamini tisa, na alikuwa na mimi. Mimi sikuwa katika hesabu.

Fomu ilipaswa kufika ofisi za halmashauri kabla ya saa kumi jioni siku ile. Sheria haitaki makubwa: anayegombea ubunge alete sahihi za wapiga kura kumi wa jimbo hilohilo. Kumi tu, katika mji mzima wa Harksea, pwani ya Uingereza. Yule mgombea wa mzaha anayezunguka mjini amevaa manyoya ya shakwe, yule ndege wa baharini, alizipata zote kwenye baa moja, kabla povu la bia yake halijatua. Baba, ambaye watu wa mji huu waliwahi kumbeba mabegani kutoka sokoni hadi gatini, alikuwa ametembea wiki nzima na bado amepungukiwa moja. Mwenyewe hakuweza kujidhamini. Alihamia kwangu baada ya daftari la wapiga kura kufungwa.

"Hanne, limenyooka?" aliniuliza asubuhi.

Alikuwa mbele ya kioo cha mlangoni, katika nyumba aliyotuachia bibi, akijipachika kifuani lile ua la utepe wanalovaa wagombea wote. Lake lilikuwa la rangi ya chungwa. Nililishona mimi, kwa sababu chama chake kipya hakikuwa na mtu mwingine wa kulishona.

"Limelalia kushoto kidogo, Baba."

"Kushoto, kwa wajamaa? Mungu apishe mbali!" Akacheka peke yake, akalichomoa, akalipachika upya. Kisha, akikitazama kioo wala si mimi, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya hali ya hewa, "Nisiposimama safari hii, sijui kesho nitaamka kwa ajili ya nini."

Mwezi wa pili nilimkuta mwisho kabisa wa ukuta wa kuzuia mawimbi, upepo ukikata masikio, koti lake limekunjwa vizuri pembeni na viatu vimewekwa juu ya koti. Alisema alisikia joto. Nilimvalisha viatu, nikamfungia kamba zake kama mtoto, tukarudi nyumbani tukanywa chai, na jambo lile hatukulizungumza tena. Kwetu ndivyo tulivyo. Lakini tangu siku hiyo nalala mlango wazi.

Anaitwa Lionel Braddock. Watu wa rika langu hawamjui, ila wazazi wao wanamjua. Nilipozaliwa alikuwa mwandishi wa gazeti moja la London huko Brussels. Mama yangu, Liesbet, ni mwenyeji wa Ghent, Ubelgiji, na jina langu ni la kwao. Kazi ya Baba ilikuwa kusoma makaratasi ya Umoja wa Ulaya na kuyafanya yachekeshe au yaudhi. Aliiweza kazi hiyo. Mhariri wake alikuwa akipiga simu tukiwa mezani, nami nikisikia sauti yake ikikoroma kwenye mkono wa simu: "Lionel, leo wanatunyima nini?" Na Baba hakukosa cha kumpa.

Mwaka mmoja aliandika kwamba Brussels itayabomoa mabanda ya Harksea ya kukaushia samaki kwa moshi, kwa sababu chanja zake ni za mbao. Katika rasimu ya sheria jambo hilo lilikuwemo. Lilikuwemo pia, ukurasa uliofuata, kwamba mabanda ya zamani yameachwa kama yalivyo. Mama aliisoma rasimu ile. Namkumbuka ameshika kijiko cha supu hewani.

"Na ukurasa wa pili, Lionel?"

"Mpenzi wangu, hakuna anayenunua gazeti kwa ajili ya ukurasa wa pili."

Habari ile ndiyo iliyomfanya alivyo. Harksea ilimwita aje ahutubie, akaja. Akaitwa miji mingine, akaenda. Mwishowe akaweka kalamu chini akasimama kwenye uchaguzi, nao wakamchagua kwenda Bunge la Ulaya, kwenye kiti alichoapa kukivunja. Alikikalia miaka mingi akikivunja, na hatimaye yeye na wenzake wakashinda, Uingereza ikatoka katika Umoja. Siku aliyofunga ofisi yake alitoka na bendera ndogo na sanduku la nguo. Gazeti halikumtaka tena. Chama kilimchoka, akaanzisha kingine, nacho kikamfia mikononi. Mama alikuwa amesharudi Ghent. Hakuna aliyemfukuza. Alisema tu kwamba amechoka kuwa mfano katika hotuba: "Mimi siwachukii watu wa Ulaya, mke wangu mwenyewe anatoka huko!" Watu walikuwa wakipiga makofi kila akisema hivyo, na Mama amekaa mstari wa mbele.

Na Harksea? Samaki wetu walikuwa wakiuzwa Ufaransa na Ubelgiji. Baada ya kutoka, malori yalisimama mpakani yakingoja makaratasi hadi samaki wakaharibika. Mabanda yakafungwa moja baada ya lingine. Hakuna mtu wa Brussels aliyeyagusa.

"Tumjaribu Dougie," Baba alisema tulipoingia garini.

Dougie Raistrick ndiye aliyekuwa na banda la mwisho. Tulimkuta nje ya nyumba yake akiosha gari lake la kusambazia vifurushi. Alipomwona Baba na ua lake, aliweka ndoo chini.

"Lo! Mheshimiwa! Leo umekuja kuokoa nini? Mabanda yameisha. Basi niokolee hili gari, breki zake mbovu."

"Dougie, rafiki yangu. Nataka sahihi tu, si kura. Kura mpe shakwe ukipenda."

"Shakwe nitampa, asante. Yeye angalau anakula samaki."

Baba akacheka kile kicheko chake cha televisheni, kinachoanza kabla mwenzake hajamaliza. Bwana Raistrick hakucheka. Alijipiga bega kwa sifongo, maji yakamchuruzika.

"Nilikubeba, Lionel. Bega hili hili. Ulikuwa mzito, unajua? Nilimwambia mke wangu, yule bwana anakula vizuri huko anakokuchukia."

"Haya, nimekusikia. Sasa ni ndiyo au hapana?"

"Hapana."

Neno lile lilianguka kama kitu kizito kwenye sakafu. Bwana Raistrick mwenyewe alionekana kushtuka. Akanigeukia mimi. "Samahani, kipenzi. Wewe huna kosa. Ila baba yako ndiye mtu wa kwanza kuambiwa hivyo mlangoni kwangu. Hata wahubiri nawachukulia vijitabu vyao, nikishafunga mlango ndiyo natupa."

Ni kweli. Mji wetu hausemi hapana mlangoni. Mtu akibisha hodi, unampa anachotaka au unamwahidi, umuage salama, ufunge mlango. Ukatili wetu huja baadaye, kimyakimya. Hata mimi niko hivyo, tena kuliko wengi. Vipeperushi vya Baba nilivichapisha mimi na kuvikunja mimi, jioni baada ya kazi ya maktaba, vile vinavyosema kwamba kamba ya mwisho na ikatwe: waume na wake wa Kiulaya waombe ruhusa upya kila wakitaka kuja. Mama hunijia kila Pasaka. Nilikunja, nikapanga, nikafunga kwa mpira. Baba aliniomba, na mimi nikasema ndiyo.

Tulizunguka mitaa hadi mchana ukapita. Watu walikuwa wameenda kazini, au walikuwemo ndani na pazia likatikisika. Mwishowe, mtaa wa nyuma ya kanisa, Bibi Enid Cawthorne alifungua. Aliwahi kufundisha shule ya Jumapili na bado hutembea kama aliyeshika Biblia.

"Bwana Braddock! Ingieni, ingieni, mtapigwa na baridi. Binti, umekonda. Keti. Chai yenye maziwa?"

Baba alieleza shida yake huku biskuti zikizunguka. Bibi Cawthorne aliitikia kila sentensi kwa kichwa. "Bila shaka. Bila shaka kabisa. Hapa, kipenzi? Chini ya huyu?" Akavaa miwani, akaandika jina lake polepole kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani. "Mwaka huu mmekuwa wengi," alisema akimrudishia kalamu. "Inapendeza vijana wa maua ya kila rangi kujali siasa." Baba alikuwa na miaka sitini na kitu. Alimbusu mkono.

Garini aliimba. Alipiga usukani kwa viganja, akanipiga na mimi begani. "Umeona, Hanne? Mtu mmoja! Siku zote ni mtu mmoja tu anayegeuza mambo. Nitawafufua hawa. Dougie atarudi analia." Sikuwa nimemwona na uso ule tangu nilipokuwa mtoto, na nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi. Nilijiambia kwamba usiku ule nitafunga mlango wangu nilale.

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu. Bi Mistry, msimamizi wa uchaguzi, aliipokea fomu kwa mikono miwili, akaanza kulinganisha majina na daftari kwenye kompyuta yake. Jina la kwanza, la pili. Alipofika la mwisho alisimamisha kidole. Akarudia kusoma. Kisha akavua miwani, nami nikajua.

"Bwana Braddock, nasikitika sana. Bibi Cawthorne ameshamdhamini mgombea mwingine. Fomu hiyo ilifika Jumatatu. Sheria inaihesabu ile iliyotangulia."

"Haiwezekani."

"Mtu mmoja anamdhamini mmoja tu, bwana."

"Alinipa biskuti!" Baba alisema.

Bi Mistry hakucheka, Mungu ambariki. Nadhani wote watatu tuliwaza jambo lilelile: kwamba na yule mwingine alipewa biskuti, na kama angefika wa tatu, wa nne, wote wangepewa chai na sahihi na kwaheri ya mlangoni. Bibi wa watu hakuwa na hila yoyote. Alishindwa tu kusema hapana. Na Baba, aliyeandika habari za chaguzi nusu ya maisha yake, hakukumbuka kumuuliza swali moja dogo.

"Bado kuna muda kidogo," Bi Mistry alisema. "Ni mpiga kura mmoja tu unayemhitaji." Macho yake yalinijia, yakaenda kwenye kioo cha kompyuta, yakashuka mezani. Jina langu lilikuwa pale mbele yake na anwani yangu. Hakuwa na ruhusa ya kusema neno, na hakusema.

Baba hakunitazama. Aliichukua fomu, akatoka nje mbio.

Mvua ilikuwa imeanza, ile nyembamba ya kutoka baharini. Nilisimama kwenye ngazi nikamwona akimwendea kila apitaye, fomu ameificha ndani ya koti. "Samahani, mama, unapiga kura hapa? Bwana, dakika moja tu." Hakuna aliyemkatalia. Mmoja alisema angependa sana ila anawahi basi. Mwingine alimpungia mwavuli, "Kila la heri, mzee!" akaendelea na safari. Mama mwenye kigari cha mtoto alimsikiliza hadi mwisho, akasema ni jambo jema, akaenda zake. Wasichana wawili wa shule walisimama mbali wakampiga picha kwa simu.

"Ni nani yule?"

"Jamaa wa tivii, wa zamani. Bibi yangu alikuwa anampenda."

Ua la utepe lilikuwa limelowa, rangi ya chungwa ikichuruzika kwenye shati lake jeupe. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Nilitaka pia dunia iishe. Mfukoni nilikuwa na kalamu, nimeishika hadi ikapata joto. Sikusogea. Majina ya wadhamini hubandikwa kwenye ubao na kwenye mtandao. Mama yangu, kila jioni huko Ghent, bado husoma kila kinachoandikwa kuhusu Baba. Angelikuta jina langu likiyadhamini maneno yale ya vipeperushi.

Alirudi amelowa chepechepe, akakaa kwenye benchi la ukumbini, na mimi nikakaa karibu yake. Mlango wa Bi Mistry ulikuwa wazi.

"Wewe ni mpiga kura wa hapa, Hanne," alisema, akiitazama sakafu.

"Ndiyo, Baba."

"Najua. Ulikuwa wa kwanza kunijia akilini."

"Mbona hukuniomba?"

"Kwa sababu ungesema ndiyo." Matone yalikuwa yakimdondoka puani, hakuyafuta. "Nilikuona jikoni ukikunja vile vipeperushi. Unalia na unakunja. Unafuta macho kwa kiwiko ili usiloweshe karatasi. Nikasema, nitauomba mji mzima, nitamwomba hata Dougie, lakini huyu simwombi. Angalau kitu kimoja nisikichukue."

Nilimshika mkono wa koti. Nilidhani amemaliza. Nilidhani sasa tutanyanyuka twende nyumbani, na kwamba hilo ndilo jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Lakini akaitoa fomu ndani ya koti, akaiweka mapajani mwangu.

"Na sasa nakuomba," alisema. Sauti ilimkatika. "Unaniona nilivyo? Nilisema simwombi, na namwomba. Tia sahihi, mwanangu. Sitakuomba kitu kingine tena maishani."

Sentensi ile ya mwisho ilinirudisha kwenye ule ukuta wa mawimbi. Niliviona vile viatu juu ya koti, vimeelekea baharini. Ndiyo yangu ilikuwa tayari mdomoni, ilipo siku zote. Ilikuwa rahisi mno. Mstari mmoja wa wino, na baba yangu ataamka kesho, na keshokutwa, hadi siku ya kura. Na baada ya hapo? Angeshindwa na shakwe, na angerudi kwenye benchi jingine, na mimi ningekuwa nimempa kile alichopewa na Bibi Cawthorne.

"Hapana, Baba."

Hakuonekana kusikia. Hata mimi sikuijua sauti ile.

"Hapana," nikarudia. Nilikuwa nikilia, na mkono wa koti lake sikuuachia. "Nitakaa na wewe. Nitakupikia, nitatembea na wewe kila mahali, nitaacha kazi ukitaka. Kingine chochote. Hii hapana."

Aliniangalia usoni. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. Uso wake ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Alisogeza midomo kidogo, labda alitaka kunitania. Kengele ya kanisa ikaanza kupiga. Bi Mistry akatoka, akasimama mlangoni ameshika kitasa.

"Muda umekwisha, bwana. Nasikitika."

"Asante," tukasema mimi na Baba kwa pamoja, na mlango ukafungwa.

Niliendesha mimi. Njiani alilichomoa ua kifuani, pini ikamchoma kidole, akatazama tone la damu kana kwamba ni la mtu mwingine. Tulipofika nyumbani alivua viatu mlangoni, akaviweka sambamba, vimenyooka, kamba zimeingizwa ndani. Nilivitazama pale chini. Kisha nikainama nikavichukua, na buti zake za bustani nikazichukua, na vile vya misibani, vyote kifuani pangu.

"Unaiba viatu vyangu?" aliuliza kutoka ngazini.

"Ndiyo."

Akapanda bila kugeuka. Nilivifungia kabatini kwangu.

Siku zote Baba huamka na taarifa ya habari. Redio yake husikika nyumba nzima, naye huwabishia watangazaji kama wamo chumbani. Asubuhi ile kulipambazuka, mwanga ukafika kwenye zulia la ngazi, na redio ilikuwa kimya. Nilichemsha maji. Niliweka maziwa kwanza, anavyotaka yeye. Nilipanda ngazi na kikombe.

Nikabisha. "Baba?"

Nikabisha tena.

"Baba, chai."

Kimya kirefu, hadi nikaweka paji la uso kwenye mlango. Nilijiambia, ni wewe. Ulikuwa na kalamu mfukoni, ikapata joto, na ni wewe.

"Sina viatu," sauti ikasema ndani.

Nikashika kitasa. "Najua."

"Sasa mtu anaamkaje bila viatu?"

Nilifungua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na shati la jana, doa la chungwa kifuani, macho yamevimba. Nyayo zake zilikuwa juu ya mbao tupu. Zilikuwa nyeupe na ndogo kuliko nilivyodhani, nyayo za mzee. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, hakunywa.

"Nirudishie, Hanne. Nataka kutembea kidogo. Hadi gatini tu."

"Hapana," nikasema.

Nikakaa sakafuni mbele ya miguu yake, mgongo wangu umeuelekea mlango. Nje shakwe walikuwa wakigombana juu ya paa. Chai iliendelea kutoa moshi, kisha ikaacha, na hakuna kati yetu aliyeondoka.